Joho, Soksi na Visigino Vyekundu vya Mfalme Louis wa 14

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu cha historia cha mwanangu nimeona picha ya Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, amevaa joho zito lililopinduliwa begani hata miguu yote ikabaki nje, ilhali taji limewekwa kando. Mtawala mwenye nguvu kiasi kile alikubalije kuchorwa hivyo? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, hakukubali tu, bali aliipenda mno. Hyacinthe Rigaud aliichora mwaka 1701, kwa kimo cha karibu mita 2.8, ili ipelekwe kwa mjukuu wa mfalme aliyekuwa ametoka kurithi kiti cha enzi cha Hispania. Louis alipoiona akaamua ibaki kwake, na leo imo katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Joho hilo ni la kutawazia, la mahameli ya buluu iliyotariziwa maua ya yungiyungi ya dhahabu, alama ya wafalme wa Ufaransa. Itazame bitana yake nyeupe: kila kidoa cheusi ni ncha ya mkia wa mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye manyoya yake hugeuka meupe wakati wa baridi isipokuwa ncha hiyo. Aliyeijua biashara ya manyoya alitambua mara moja ni wanyama wengi kiasi gani waliokwisha kwa vazi moja, wala hakuhitaji kuelezwa utajiri wa mvaaji.

Miguu nayo imeachwa wazi kwa makusudi. Louis alikuwa amekwisha kupita miaka 60, na Rigaud hakuuficha uzee wa uso. Lakini mfalme huyo ujanani alikuwa mcheza dansi hodari, hata mwaka 1653 akacheza nafasi ya Jua mbele ya watu wa kasri, na miguu iliyonyooka ndani ya soksi nyeupe ilitangaza kwamba mwili ungali imara. Visigino vyekundu vya viatu vilikuwa haki ya wakubwa wa kasri lake, si ya kila mwenye fedha.

Ama taji, lipo juu ya kigoda. Upanga unaosemekana kuwa wa Karolo Mkuu (Charlemagne), mfalme mashuhuri wa kale wa Wafaranki, unaning'inia ubavuni, na fimbo ya enzi ameishika kichwa chini kama bakora ya matembezi. Kwa maoni yangu, ufundi mkubwa wa Rigaud uko hapo: vitu ambavyo mfalme mpya angevikumbatia, Louis anavishika kwa mazoea, kwa kuwa alikuwa mfalme tangu mwaka 1643, akiwa mtoto wa miaka 4.