Re: Paka jike wa miezi minne, nimfunge kizazi au nisubiri?
Mkuu umeuliza umfunge sasa au usubiri azae kwanza mara moja, mi nakwambia usisubiri. Hiyo ya "lazima azae kwanza" naisikia sana huku Ujiji ila haimsaidii paka chochote, kabla hajafika miezi mitano muwahishe, maana wengine wanaingia joto na miezi minne tu. Wa kwangu nilimwona kadogo nikajua bado bado, siku moja kaanza kujiburuza sakafuni, kifua chini makalio juu, mkia kaupinda pembeni, analia usiku kucha nikadhani kala dagaa mbovu kumbe madume yashajaa ukutani 😂 Mimba yao ni siku 63 mpaka 65 hivi, nikajikuta na vitoto vinne kwenye boksi la nguo. Na usijidanganye eti akinyonyesha hashiki mimba, anashika vizuri tu.

Daktari wa mifugo muulize kwanza kama anafanya paka, wengine wamezoea ng'ombe na mbuzi, ampime uzito na akwambie asile kuanzia saa ngapi, kapaka kadogo hakashindishwi njaa. Akirudi mfungie ndani siku kumi hivi, asiparamie bati wala kulamba mshono.