Kamera Iishie Dakani

Mama yangu ana miaka 73 na anaishi Lamu, Langoni, katika nyumba ya mawe ambayo hataki hata kusikia habari ya kuihama. Kaka yangu yuko Mombasa kikazi, mimi nimeolewa Malindi. Alipoteleza mara ya pili mwaka jana, tuliafikiana tumwekee kamera ya wai-fai, ile ndogo nyeupe yenye kichwa kinachozunguka, tuwe tunamwona kwa simu. Fundi akaja, akaifunga juu kwenye nguzo inayotazama kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani usioezekwa, akatuonyesha jinsi ya kuifungua, tukamlipa, akaenda zake. Usiku wa kwanza nilimwona mama akifunga mlango wa jikoni, nikalala na moyo mweupe.

Miezi minne baadaye nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amekaa kiwandani juu ya mkeka, ametoka kuoga, nywele amezifungua anazipaka mafuta ya nazi. Mimi niko kwenye mbuzi nakuna nazi. Nikasikia krrr. Kamera imegeuza kichwa. Ilitoka mlangoni, ikapita ukutani polepole, ikasimama kwa mama. Mama akavuta leso akajifunika.

"Kidude hichi chanitizama," akasema. "Na wewe uko hapa."

Nikampigia kaka. Alikuwa njiani anaendesha gari, programu hajaifungua tangu jana yake. Zipo kamera zinazofuata mwendo zenyewe, lakini yetu huduma hiyo tuliizima siku ileile ya kwanza. Nikaingia kwenye mipangilio, nikasoma kila ukurasa, na hapo ndipo nilipoliona: akaunti inayomiliki kamera ilikuwa ya fundi. Aliisajili kwa simu yake ili amalize kazi haraka, sisi akatushirikisha tu. Nyumba ni yetu, mwenye kamera ni yeye.

Nilipompigia hakukana. Alikuwa na mteja, alitaka kumwonyesha kamera inavyozunguka, akafungua ya kwetu iwe mfano. Namwamini alivyosema, na aliomba radhi. Lakini mama yangu, ambaye hakuna mwanamume asiye maharimu wake aliyepata kumwona kichwa wazi, alitazamwa na mtu tusiyemjua kwenye simu ya mtu mwingine. Likinijia jambo hilo hadi leo moyo huniuma.

Kwa hivyo kabla sijasema lolote jingine: fundi asiondoke kwako na ufunguo. Programu ipakuliwe kwenye simu yako, akaunti ifunguliwe kwa namba au barua pepe yako, nenosiri uliandike wewe. Akimaliza, fungua orodha ya walioshirikishwa usome jina moja moja. Kama kamera imeshasajiliwa kwa mtu, usidhani ukibadilisha nenosiri la wai-fai umemtoa. Ukiiunganisha tena, naye kwa kawaida atarudi. Ni lazima yeye mwenyewe aifute kwenye akaunti yake, kisha irudishwe ilivyotoka dukani. Fundi wetu nilimwita, akaifuta mbele ya macho yangu. Nikaingiza sindano ya kufumia kofia kwenye kile kitundu cha kuanzishia upya, nikashikilia mpaka taa ikawaka nyekundu, tukaanza moja. Na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba kwenye simu, ili mwenye kulijua nenosiri peke yake asiweze kuingia.

Yakikupata mambo kama haya kwa kamera ya kununua kwa mtu, au ya nyumba uliyohamia, hukumu ni ileile.

Ruta nayo, kile kifaa kinachogawa wai-fai nyumbani, isisahauliwe. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikibisha kamera na ruta kwa orodha ya majina na manenosiri yaliyowekwa na watengenezaji, yapatayo 60 tu, ya aina ya "admin" na "12345". Orodha hiyo fupi ilitosha kuteka vifaa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya namna hiyo vilielekezwa kwa Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, na watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Wenye kamera walikuwa majumbani mwao, hawana habari. Uingereza ilianza kukataza kisheria manenosiri mepesi ya watengenezaji mwezi Aprili 2024. Huku kwetu, kila jamaa ninayemfungulia ruta yake nakuta "admin". Badilisha leo. Na kama ruta yako ina mtandao wa wageni, kamera, runinga na taa zinazowashwa kwa simu ziweke huko, mbali na simu unayofanyia miamala ya pesa.

Sasa nirudi kwenye lililonikaa zaidi, nalo ni mahali pa kuiweka kamera. Nyumba za Lamu zilishalijibu swali hili. Mgeni hukomea dakani, ule ukumbi wa nje wa mlangoni wenye vibaraza viwili vya mawe, abishe hodi. Akikaribishwa, njia ya kuingilia imepinda, kwa hivyo hata mlango ukiwa wazi anayepita njiani haoni kiwanda. Kisha kiwanda, kisha misana, zile kumbi ndefu za ndani, kisha ndani kabisa, na kila ukivuka unazidi kuhitaji idhini. Baina ya nyumba nyingine kuna wikio, yaani kivuko cha ghorofani kinachopita juu ya njia, wanawake wapite bila kushuka chini. Na sote tumesomeshwa chuoni ile aya ya 27 ya Surat an-Nur: msiingie nyumba zisizo zenu mpaka mwombe ruhusa na muwasalimu wenyewe. Kamera ya kiwandani imevuka hayo yote pasipo hodi. Yetu nikaihamishia dakani, inatazama mlango.

Na kuteleza je? Tulinunua mkeka wa mpira wenye meno chini, ukatandikwa palipokuwa na utelezi, na mama anavaa shingoni simu ndogo ya vitufe: akibonyeza 2 kwa muda mrefu inanipigia mimi, 3 kaka. Hilo tungelifanya mwanzo.

Spika zinazosikiliza amri sizipendi chumbani, nasema wazi. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Amazon, Google na Apple walikuwa na watu wa kusikiliza baadhi ya rekodi za wateja ili kuboresha huduma. Ukiwa nayo, ingia kwenye mipangilio uzime utunzaji wa rekodi, na uichomoe wakati wa maongezi ya watu wazima.

Wenye nyumba za wageni hapo Shela na Malindi, Airbnb, ule mtandao wa kukodishia nyumba, imekataza kamera zote za ndani tangu tarehe 30 Aprili 2024. Ya mlangoni itajwe kwenye tangazo. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humwachia mtu shughuli zake za nyumbani tu; nyumba ya kukodisha ni biashara, na mgeni wako analindwa nayo.

Limebaki moja ambalo sikulifikiria mpaka nilipoitazama picha ya dakani kwenye simu. Njia zetu ni nyembamba, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa tabu. Kamera ilikuwa inaona mlango wetu, na inaona pia daka la nyumba ya pili, na bi mkubwa wa pale huketi hapo kila alasiri. Nikaiinamisha itazame vidaraja vya mlangoni petu. Kisha nikavuka na simu mkononi, nikabisha hodi, nikamwamkia, nikampa aitazame picha mwenyewe.

Akaitazama muda mrefu, akaweka kidole pembeni mwa kioo. "Huu si mguu wa baraza langu, mwanangu?"

Nikarudi, nikaiinamisha tena.