Sufuria Inayochemka Inapoonekana Baridi: Maswali Yenu Kuhusu Kamera za Joto

Maswali kuhusu kamera za joto yamekuwa mengi kuliko nafasi ya safu hii, kwa hiyo nimechagua yale ambayo, kila moja kwa njia yake, yanarudi kwenye jambo lile lile: kamera hiyo haipimi joto lililomo ndani ya kitu, bali hupokea mionzi inayotoka kwenye uso wake.

Mwalimu ametuambia kwamba kila kitu hutoa mionzi ya infraredi, hata sisi wenyewe. Chuma kikiwa motoni nakiona kinang'aa, lakini mimi sing'ai. Mionzi yangu inatoka wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Inatokana na mtikisiko. Atomu za kitu chochote, kiwe jiwe au shavu lako, hazitulii hata kidogo, na kadiri kitu kinavyopata joto ndivyo mtikisiko wake unavyozidi. Ndani ya atomu mna chaji za umeme, na chaji inayotikiswa hutoa mawimbi ya sumaku-umeme, kama vile elektroni zinazosukumwa huku na huko katika mnara wa redio zinavyorusha matangazo hadi nyumbani kwenu. Kitu pekee ambacho kisingetoa mionzi ni kile ambacho kingefikia nyuzi −273.15 za Selsiasi, yaani sifuri ya kelvini (kipimo cha joto kinachoanza kuhesabu hapo), na kitu cha namna hiyo hakipo.

Tofauti yako na chuma cha mhunzi ni urefu wa mawimbi. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Wien alionyesha kwamba kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto, ndivyo mawimbi yanayotawala katika mionzi yake yanavyozidi kuwa mafupi. Ukigawanya 2,898 kwa kelvini za kitu hicho, utapata urefu huo kwa mikromita, yaani sehemu za milioni moja za meta. Uso wa jua, wenye kelvini zipatazo 5,800, unakupa 0.5, ambayo imo ndani ya mwanga tunaouona. Ngozi yako, yenye kelvini kama 306, inakupa 9.5, ilhali macho ya binadamu huishia karibu na 0.7. Chuma huanza kuonekana chekundu gizani kinapopita nyuzi 500 hivi, lakini kabla ya hapo kilikuwa tayari kinatoa mionzi tele. Sogeza kiganja ubavuni mwa pasi ya moto bila kuigusa: hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo kinachokufikia pale ubavuni ni mionzi zaidi kuliko hewa, na wala huoni mwanga wowote.

Usidhani kuwa unachotoa ni kidogo. Kila meta moja ya mraba ya ngozi hutoa takriban wati 500, na hatupoi kwa kasi ya kutisha kwa sababu tu kuta, sakafu na watu waliotuzunguka hutupatia karibu kiasi hicho hicho.

Kamera inaonaje kisichoonekana, na zile rangi za zambarau na manjano ni za kweli? (Msomaji, Mombasa)

Rangi ni za kubuni. Kamera hupata namba tu, kubwa au ndogo, kisha programu yake huzipaka rangi yoyote uliyoichagua. Wataalamu wengi hupendelea nyeusi na nyeupe, na mimi nakubaliana nao, kwani rangi nyingi hulifanya jambo dogo lionekane kubwa.

Lenzi yake ndiyo ya ajabu. Kioo cha kawaida huyazuia mawimbi haya marefu, kwa hiyo lenzi hutengenezwa kwa gerimani, madini ambayo machoni petu yanang'aa kama chuma na hayapenyezi mwanga, lakini infraredi huyapenya bila shida. Nyuma ya lenzi kuna maelfu ya vibati vidogo mno, aghalabu vya oksidi ya vanadi, vilivyoinuliwa juu ya miguu myembamba ili joto lisivuje. Kila kibati hupata joto kidogo sana kutokana na mionzi inayokiangukia, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalokuwa nukta moja ya picha. Ukiishika kamera hiyo utasikia mlio wa "tik" kila baada ya muda: ni kifuniko cha ndani kinachojifunga kwa muda mfupi sana, ili kamera itazame uso wenye joto sawa kila mahali na kujisahihisha.

Nilinunua kipima joto chenye umbo la bastola, kile kinachopima infraredi bila kugusa, kwa ajili ya jikoni. Maji yanachemka, lakini nikikielekeza kwenye sufuria kinasoma nyuzi 40. Nimeuziwa kibovu? (Mama lishe, Tanga)

La, hujatapeliwa. Nilifanya jaribio hilo nyumbani kwa sufuria ya alumini iliyopikiwa kuni. Ubavuni, mahali palipong'arishwa kwa steelwire, kipimo kilisoma 41. Vidole vinne chini yake, penye masizi, kikasoma 93. Sufuria ni moja na maji ni yale yale.

Alumini inayong'aa ni mtoaji duni wa mionzi: katika joto lile lile hutoa sehemu ndogo tu, pengine moja ya kumi au chini yake, ya kile ambacho masizi hutoa. Badala yake huakisi mionzi ya vitu vingine kama kioo cha kujitazamia, kwa hiyo kipimo chako kilikuwa kinapima zaidi ukuta wa jikoni, na pengine uso wako mwenyewe. Kielekeze kwenye masizi, au kwenye maji yenyewe mvuke ukipungua. Mafundi wa umeme, ambao hukutana na tatizo hili kwenye viungo vya shaba inayong'aa, hubandika kipande cha tepu nyeusi umeme ukiwa umezimwa, kisha hupima juu ya tepu hiyo.

Je, kamera hizi huona kupitia nguo na kuta? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Ukuta huonyesha joto la uso wake tu. Nguo nayo huonyesha joto lake yenyewe, ingawa ile inayobana huweza kuchora umbo kwa sababu ngozi imeipasha. Hata dirisha la kioo ni pazia kwa kamera hii: ukisimama mbele yake utajiona mwenyewe.

Kwa nini askari wa wanyamapori huzitumia usiku na si mchana? (Msomaji, Narok)

Katika Maasai Mara, ambako kamera ya joto iliyofungwa kwenye gari la doria ilianza kutumika mwaka 2016, jangili aliyezima tochi na kujibanza kwenye nyasi huonekana usiku kama doa jeupe, kwa kuwa nyasi zimepoa naye hajapoa. Mchana jua huyapasha mawe na vichuguu hadi vikamfikia mtu kwa joto au kumzidi, na hapo picha nzima hujaa madoa. Saa ngumu kuliko zote ni zile za jioni, wakati mazingira yanapopoa na kupita kwenye joto lile lile la ngozi na nguo: kwa dakika kadhaa mtu na jiwe hutoa mionzi karibu sawa, na kamera, hata iwe ya bei gani, haina cha kuwatofautishia.