Usonji na msamaha wa kodi ya mshahara Kenya

Je, mtu mwenye usonji (autism) aliyeajiriwa anastahili msamaha wa kodi ya mshahara? Anastahili, hata kama ulemavu wake hauonekani kwa macho. Sheria haisemi lazima uwe na kiti cha magurudumu. Kinachotakiwa ni tathmini ya kimatibabu kutoka hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha usajili na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD). Baada ya hapo ndipo unaomba cheti cha msamaha kwa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato Kenya, kupitia iTax, mfumo wake wa mtandaoni.

Ukishapata cheti, shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi PAYE, yaani kodi ya mshahara. Anayelipwa 180,000 anatozwa kwa zile 30,000 za juu tu. Hiyo imo kwenye agizo la mwaka 2010 la msamaha wa kodi kwa watu wenye ulemavu. Nayajua haya kwa sababu nilimshika mkono mdogo wangu, ambaye ana usonji na ni mhasibu, hatua kwa hatua. Kazi ngumu ilikuwa kupata daktari wa kujaza fomu ambaye haoni usonji kuwa ugonjwa wa watoto!

Angalizo: kadi peke yake haipunguzi kodi. Mwajiri ataendelea kukata mpaka umpelekee cheti chenyewe. Ritani za kodi za kila mwaka bado unajaza, michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na SHIF (bima ya afya) inakatwa kama kawaida, na cheti kina muda wake, kwa hiyo omba upya kabla hakijaisha. Zile pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku, usizipigie hesabu. Ni za kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali.