Keshia wa Supamaketi Anastahili Zaidi: Anza na Pesilipu

Supamaketi ambayo foleni yake kila jioni inafika kwenye friji za maziwa haiwezi kusema haina pesa ya mishahara. Wafanyakazi wake, wawe Kisumu au Nakuru, wanastahili zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Ajabu ni kwamba wengi hata hicho hawajakifikia, na chanzo mara nyingi ni cheo kilichoandikwa kwenye barua ya ajira.

Agizo la mishahara la Kenya lililoanza Novemba 1, 2024 linasema kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru asilipwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Keshia ana kiwango chake, zaidi ya shilingi 36,000. Lakini mtu anashinda kwenye tili, anapokea noti na kuthibitisha M-Pesa, huku barua inamwita "mhudumu wa duka". Omba cheo kiandikwe kulingana na kazi unayofanya. Hapo ndipo pesa nyingi zaidi hupotea.

Juu ya mshahara huo huongezwa asilimia 15 ya nyumba, kama mwajiri hakupi makao. Pesilipu, yaani karatasi ya maelezo ya mshahara, ikionyesha jumla moja tu, uliza msingi ni kiasi gani na nyumba ni kiasi gani. Saa za kawaida ni 52 kwa wiki, siku sita. Ukipita hapo, gawanya mshahara wa msingi kwa 225, kisha zidisha mara 1.5. Kwa 16,113.75, saa moja ya ziada ni kama shilingi 107. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara 2. Duka likifungwa saa tatu usiku na hesabu ya tili ikaendelea hadi saa tatu u nusu, hiyo nusu saa ni kazi. Iandike kwenye daftari lako kila siku.

Kisha kuna shoti, yaani pesa zinazopungua kwenye tili. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa waziwazi. Kugawa hasara ya bidhaa zilizoibwa kwa wafanyakazi wote wa zamu hairuhusiwi, na inauma sana kuona ikifanywa na duka tajiri. Jilinde: hesabu pesa za kuanzia mbele ya msimamizi, mtie sahihi wote wawili, na ukienda kula funga akaunti yako kwenye mashine. Mwenzako akiuza kwa namba yako, shoti yake ni yako.

Kudai nyongeza juu ya kima cha chini peke yako ni vigumu, kwa sababu meneja wa tawi mara nyingi hana mamlaka hayo. Chama cha wafanyakazi kikipata zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga, mwajiri analazimika kukitambua, na mkataba wa pamoja ndio unaobeba nyongeza, hata nauli ya usiku ya kwenda Kondele au Kaptembwa.

Deni la nyuma lipeleke ofisi ya leba ukiwa na pesilipu, barua na picha za ratiba ya zamu. Usikawie: muda wa kawaida wa kushtaki ni miaka 3, na kwa dhuluma inayoendelea ni miezi 12 tangu ikome.