Ukiandaa kiapo, jiulize kila aya imetoka wapi

Vijana mnaoanza mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi za mawakili hapa Tanzania, na ninyi wasaidizi wa kisheria, mara nyingi mtapewa faili la zamani na kuambiwa mwandae hati kama ile. Sampuli itawapa kichwa cha shauri na mpangilio wa aya. Maelezo yatoke kwa mteja wenu.

Kabla ya kugusa kompyuta, mwulizeni tarehe. Mteja anaweza kusimulia dhuluma yake saa nzima asitaje mwaka, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kurejesha ardhi miaka 12. Mwulizeni pia anayedaiwa ni nani. Kama ni Serikali, kuna notisi ya siku 90 kwanza. Anayeomba talaka, kwa kawaida, aje na cheti cha baraza la usuluhishi la ndoa kilichotolewa ndani ya miezi 6. Mambo haya yakikosekana, uandishi mzuri hauliokoi shauri.

Hati ya madai, ile inayofungua kesi, haina ugumu ukifuata Amri ya VII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai: wadaawa (pande za kesi) na makazi yao, chanzo cha madai na lini kilitokea, mamlaka ya mahakama, thamani ya madai, nafuu zinazoombwa. Thamani husahaulika sana, na ndiyo inayoamua mahakama ipi na ada kiasi gani.

Penye kazi hasa ni kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa kuwa ni ya kweli. Wengi huandika kuhusu mjibu maombi, yaani upande wa pili: "Mjibu maombi alivunja mkataba kinyume cha sheria, hivyo naiomba Mahakama imzuie." Hapo mna hoja, hitimisho na ombi, na kesi ya Matovu ya Uganda ya mwaka 1966, inayofuatwa hadi leo kwetu, inasema vitu hivyo havina nafasi ndani ya kiapo. Mwapaji, yaani anayeapa, aeleze alichokiona na kukisikia: "Tarehe 3 Machi nilifika dukani nikakuta kufuli jipya. Mjibu maombi aliniambia amempangisha mtu mwingine." Hoja za sheria wakili atazitoa siku ya kusikilizwa.

Mimi huwaelekeza wanafunzi waandike pembeni ya kila aya ya rasimu: nani anajua hili? Kama ni mwapaji mwenyewe, sawa. Kama aliambiwa, aliyemwambia atajwe kwa jina. Aya isiyo na mwenyewe ifutwe, hata iwe tamu namna gani. Ukifika kwenye uthibitisho, sehemu ya mwisho inayosema kila aya imetoka wapi, kazi imeshaisha: aya ya 1 hadi ya 4 anazijua mwenyewe, ya 5 ameelezwa na fulani na anaamini ni kweli. Uthibitisho ulionakiliwa toka faili jingine, wenye aya 9 wakati kiapo kina 6, ni zawadi kwa mwenye pingamizi la awali, anayetaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa.

Mteja aape mbele ya kamishna wa viapo, ana kwa ana, na mahali na tarehe viandikwe hapo hapo. Msikubali kamwe kupeleka kiapo kilichosainiwa nyumbani, hata bosi akiwa na haraka. Kabla hajasaini, msomeeni kwa sauti, taratibu, kwa lugha anayoielewa. Akisema "hapana, sikusema hivyo", rudini mezani mkarekebishe.