Pikapu inayokataa kuwaka mara moja moja

Ndugu yangu, umeeleza kwamba pikapu yako ya zamani, unayobebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mara nyingine hutoa mlio mmoja tu wa "ta" bila kuzungusha injini, kisha baadaye huwaka vizuri, na fundi amekushauri ununue betri mpya. Nakusihi usinunue kwanza. Betri iliyochoka huzungusha injini kwa uzito huku taa zikififia. Taa zako zikibaki na mwanga wake wakati wa mlio huo, yaelekea vipande vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku) ya stata, yaani mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, vimelika na vinagusana kwa kubahatisha. Vipande hivyo mara nyingi hubadilishwa peke yake.

Kabla ya kuifungua stata, fungua boliti ya waya wa ethi (unaounganisha nguzo hasi ya betri na injini) kwenye injini, usugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, kwani kutu hujificha chini ya kichwa cha waya. Kisha egesha tambarare, si kwenye mteremko wa Bugando, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Mwenzako akipiga stata, pima kwa mita ya volti kati ya nguzo hasi ya betri na injini. Ikizidi volti 0.5, ethi ndiyo mbaya.